Uso Mkavu Langoni Al Wukair

Wanangu mnaoanza kazi hii ya kuchekesha watu, kila mkinikuta mnaniuliza nilisomea wapi. Mnatarajia nitaje chuo fulani cha Nairobi, au nijigambe kwamba nilizaliwa nayo. Nilisomea langoni. Lilikuwa lango la kompaundi moja ya nyumba za kupangisha kule Al Wukair, kusini mwa Doha, nami nilikuwa mlinzi pale, nimevaa sare iliyonibana makwapani. Mwalimu wangu alikuwa Mwingereza mzee ambaye, miezi ya mwanzo, nilimwonea huruma nikidhani amefiwa.

Aliitwa Bwana Leonard. Mrefu, mwembamba, suruali imepigwa pasi, na uso ambao haukusogea hata chafya ikimtoka. Asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, alipita kwangu akienda kununua maziwa. Siku moja alisimama mbele ya kibanda changu, akaangalia huku na huku, akasema kwa sauti ya chini:

"Ngamia akija kuniulizia, mwambie nimehama."

Nilikuwa bado mgeni Qatar. Sikujua huko ni mambo gani yanawezekana na yapi hayawezekani. Nikamuuliza, "Ngamia wa nani, bwana?"

"Hatataja jina," akasema. "Alivyo na hasira, nadhani hata salamu hatatoa."

Akaenda zake kununua maziwa.

Zamu yangu ilipokwisha, nilimpokeza mwenzangu Okello lango pamoja na ujumbe huo. Okello alikuwa Mganda kutoka Gulu, mtu wa kazi, asiyependa kushtukizwa. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Sasa hiyo ngamia iko ya rangi gani?"

Nikamwambia sikuuliza rangi. Akasikitika. Aliona nimefanya kazi nusu. Basi ili asije akalaumiwa, akampigia simu msimamizi wetu, Mmisri mmoja mpole, akamweleza kwamba kuna mpangaji anatafutwa na ngamia. Msimamizi naye akawaza kwamba labda mzee amegonga mnyama wa mtu barabarani, na kule hilo si jambo dogo. Akaja mbio na gari la kampuni, akagonga mlango wa Bwana Leonard. Mzee akafungua kidogo tu, akachungulia, akauliza, "Amefika?"

Msimamizi alicheka hadi akashika ukuta. Mimi na Okello tulisimama nyuma yake tukitazamana, hatujui kinachochekesha.

Kesho yake Bwana Leonard alikuja kibandani. "Ni wewe uliyewaambia?"

"Ndiyo, bwana. Samahani."

"Uliwaambia ukiwa na uso huo?"

"Sina mwingine, bwana."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama fundi anayetazama mbao. "Usiuharibu," akasema. "Watu wanatumia maisha yao yote kuutafuta uso kama huo. Wewe unafungulia nao geti."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi.

Nilikuja kujua habari zake kidogo kidogo, tukinywa chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi. Alikuwa mchekeshaji. Alianza ujanani kwenye kumbi za wafanyakazi wa viwandani kaskazini mwa Uingereza, ambako watu walikuwa wakila na kunywa na kugombana huku yeye anaongea. Wachekeshaji wenzake walipiga kelele ili wasikike. Yeye hakuwa na sauti ya kupiga kelele, kwa hiyo akawa anaongea polepole, kama karani anayekueleza kwa nini faili lako limepotea. Watu walinyamaza ili wasikie ni nini huyu mtu mwenye huzuni anachosema. Walipokuja kushtuka, wanacheka.

Baadaye runinga ikamchukua. Lakini kwa uso ule, walimpa kazi za aina moja tu: kasisi wa mazishini, daktari mwenye majibu mabaya, polisi anayebisha hodi. "Miaka mingi nimewaambia watu kwenye runinga kwamba jamaa yao ameaga dunia," aliniambia. "Ilifika mahali nikiingia dukani, wanawake wanaanza kupigia simu waume zao." Mke wake, Madam Joan, alipopata kazi ya ualimu Doha, mzee akaona amepata nafasi ya kupumzika kutangaza vifo. Akamfuata. Wakapanga pale kwetu.

Sasa sikilizeni mambo ambayo alinifundisha, maana ndiyo mnayoniona nayo.

La kwanza ni kimya. Nyinyi vijana mnaogopa kimya kama mtu anayeogopa mbwa. Ukisema jambo la kuchekesha, unakimbilia lingine kabla watu hawajameza la kwanza. Bwana Leonard alinifundisha kwa kikombe. Nilisema sentensi, kisha nikanywa chai, na sikuruhusiwa kuendelea mpaka nimemeza. Chai ya karak ni ya moto, haimezwi haraka. Nikiharakisha ninaungua. Mpaka leo nikiongea mbele ya watu, bila kikombe, koo langu linameza kwanza ndipo maneno yanatoka.

Jingine ni kwamba usisimulie kichekesho kama kichekesho. Kisimulie kama malalamiko. Kama mtu aliyekuja ofisini kulalamikia jambo la haki yake kabisa, na hajui kwa nini wote wanacheka. Ukianza kwa kusema "kuna kitu cha kuchekesha sana", umeshaharibu. Watu watakunja mikono wasubiri uwalipe deni.

Na anayeumia katika hadithi awe wewe mwenyewe. Mzee alinikataza kabisa kumcheka mtu aliye chini yangu. Nilimwambia hakuna aliye chini yangu, mimi ni mlinzi. Akasema, "Utashangaa. Ukipewa maikrofoni, utawaona wengi." Nami nikaongeza sheria yangu mwenyewe: nchi ya watu ni nchi ya watu. Dini, wakubwa wa nchi, mila za wenyeji, hayo sikuyagusa. Yalibaki mengi tu: joto, kambi tulizolala wafanyakazi, simu za nyumbani, na Okello.

Lakini msidhani nilielewa haya yote mara moja. Mara yangu ya kwanza kusimama mbele ya watu niliharibu vibaya sana. Kule mtaa wa Al Mansoura, mjini Doha, kulikuwa na mgahawa uliokuwa na ukumbi ghorofa ya juu, na Ijumaa alasiri Wakenya na Waganda walikutana pale. Walikuja walinzi, madereva, akina dada wa nyumbani waliobahatika kupewa siku ya mapumziko, manesi, vijana wa kompyuta. Watu walikula pilau, wakacheza muziki, na mwenye kipaji chochote alipanda mbele. Nilikuwa nimeona wachekeshaji wa kwetu kwenye video, wanaruka, wanavaa suruali kubwa, wanajipaka rangi puani. Nikayaacha yote ya mzee. Nikaazima suruali ya mtu mnene, nikapanda nikiruka na kupiga mayowe.

Ukumbi ulinyamaza, na hicho hakikuwa kile kimya kizuri. Katikati ya kimya hicho nikasikia mtoto mdogo akimuuliza mamake, "Mami, huyu anko anaumwa?"

Hapo ndipo watu walipocheka. Mtoto huyo ndiye aliyefanikiwa siku ile.

Nilimsimulia Bwana Leonard nikitegemea anifariji. Akameza chai yake yote. "Huyo mtoto," akauliza, "anapatikana Ijumaa ijayo?"

Kisha akaniambia jambo la maana. "Wewe si mtu wa kuruka. Wewe ni mtu wa kusimama. Nenda ukasimame."

Ijumaa iliyofuata nilivaa koti na tai, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani. Nikasimama. Nikawatazama mpaka wakaanza kuangalia kama kuna kitu nyuma yao. Nikasema, "Chumbani kwetu kuna mtu anaitwa Okello. Anakoroma." Nikameza. "Mwanzoni tulidhani ni kiyoyozi. Tukaita fundi." Nikameza tena. "Fundi akasikiliza. Akasema, hii si mashine ninayoijua. Lakini imetengenezwa vizuri."

Ukumbi ulipasuka. Okello, aliyekuwa amekaa mbele na sahani ya pilau, alisimama akawapungia mkono kama mheshimiwa.

Nikawaambia juu ya mama yangu kule Voi, anayenipigia simu na kuuliza kama Doha kuna joto. Namwambia, mama, lipo, watu wanaanguka. Ananiambia nivae sweta. Hapo wale dada wa nyumbani walicheka huku wanafuta machozi, maana kila mmoja alikuwa na mama wa aina hiyo. Nikajua nimepata njia. Mtu aliye mbali na kwao hahitaji umtie furaha kwa nguvu. Mfungulie tu mlango, ataingia mwenyewe.

Kuna mmoja wenu aliniuliza juzi tofauti ya jukwaa na runinga. Nilirudi Kenya miaka ya baadaye, na kazi ya runinga ilinipata kwa sababu ya video ambazo Okello alinichukua kwa simu yake, zikapita mkono kwa mkono mpaka zikamfikia mtayarishaji mmoja Nairobi. Wakanipa nafasi ya hakimu katika tamthilia ya vichekesho. Siku ya kwanza ya kurekodi nilisema mstari wangu, kisha nikasubiri watu wacheke. Kumbe mbele ya kamera hakuna anayecheka, wote wanakazana wasitoe sauti. Nikasubiri. Mwelekezi akaniuliza kwa upole, "Mzee Mwakio, umesahau maneno?" Nikajua hii ni kazi nyingine. Jukwaani unatuma uso wako mpaka safu ya mwisho. Kwenye runinga kamera imekaa mlangoni pako, na ukipepesa jicho ni kama umepiga kelele. Kwa hiyo punguzeni. Mkidhani mmepunguza, punguzeni tena. Nilikaa kwenye kiti kile cha hakimu misimu mingi, na mpaka leo, nimestaafu, goti linauma, watu sokoni Voi wananiomba niwaachilie kwa dhamana.

Lakini nilitaka kuwasimulia juu ya siku moja ya hospitali. Nirudi Doha.

Mzee aliniuliza siku moja, akitazama upande mwingine, kama ukumbi wetu wa Al Mansoura unaruhusu Wazungu. Nikamwambia unaruhusu mtu yeyote anayekula pilau. Akasema angependa kusimama. Mara moja tu. Nikaogopa. Kiingereza chake kilikuwa cha kule kwao, utani wake ulikuwa wa polepole, na ukumbi wetu haukuwa na huruma. Lakini ningemkatalia vipi?

Alikuja na Madam Joan, mwanamke mfupi mchangamfu, aliyekuwa akicheka kwa wawili. Kabla ya kupanda mzee aliniomba nimfundishe neno moja la Kiswahili. "Moja tu, lenye matumizi mengi." Nikamfundisha "pole". Nikamweleza kwamba kwetu mtu akijikwaa unamwambia pole, akifiwa pole, akitoka kazini pole, akibeba mzigo pole, hata kama hukumsukuma wewe.

Alipanda akasimama pale. Akaangalia saa yake. Akatuangalia sisi. Nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Huyu ni wa ubalozi?"

"Nilizaliwa Uingereza," akasema.

Kimya.

Akainamisha kichwa kidogo. "Pole."

Alikuwa akijipa pole mwenyewe. Mtu mmoja akacheka kwa kushtuka. Mzee akameza mate, akangoja.

"Huko mvua hainyeshi. Inaishi nasi. Pole."

Wakaanza kucheka wengi. Na alipofika kwenye "Kisha nikaoa", hakulisema neno mwenyewe. Alinyamaza tu. Ukumbi mzima, Wakenya, Waganda na wale Watanzania wachache wa mezani kwa nyuma, wakamjibu kwa sauti moja, "Pole!" Madam Joan alilaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Kuanzia hapo mzee hakuwa na kazi. Alisimulia kuhusu maisha yake ya kutangaza vifo kwenye runinga, na kila alipotua, ukumbi ulimfariji. Nesi mmoja Mkenya, Wambui, alicheka mpaka ikabidi wenzake wampeleke nje akapate hewa.

Tukiwa tunateremka ngazi nilimwambia, "Bwana Leonard, lazima urudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo nina miadi," akasema. "Wanataka kunifungua kifua waone kama kuna kitu ndani."

Nikacheka. Mtaniwia radhi, lakini mngefanya nini? Mtu aliyenidanganya juu ya ngamia! Nilikuwa nimeshajifunza kutoamini neno lake hata moja. Naye aliponiona nacheka, akanitikisia kichwa kama mwalimu aliyeridhika, akaingia kwenye gari.

Siku chache baadaye Madam Joan alipita langoni akiendesha gari peke yake. Alisimama kunisalimu kama kawaida yake, lakini macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, "Bwana yuko wapi?"

"Hakukwambia? Wamemlaza. Ni moyo. Kesho wanampasua."

Nilifungua geti, akapita, nikabaki nimelishika. Okello alipokuja kunipokea zamu alinikuta hivyo hivyo. Nilipomweleza, akavua kofia. "Huyo mzee," akasema, "sasa alisema kweli mara moja, na hiyo moja ndiyo sisi tunakataa."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ndivyo Madam Joan alivyotutumia ujumbe, na mimi na Okello tukashukuru Mungu, kila mmoja kwa dini yake. Lakini Ijumaa asubuhi, siku ambayo alasiri yake nilikuwa nimepangwa kusimama Al Mansoura na watu wameshaarifiwa, simu yangu ikalia. Alikuwa Wambui, yule nesi. Kumbe alikuwa akifanya kazi wodi ile ile.

"Anko Mwakio, unaweza kuja? Huyu mzee wako ameamka, lakini majibu yake si mazuri. Tunaogopa kichwa chake. Na mama amechoka sana, hana mtu."

Nilipanda teksi. Njia nzima sikuona kitu nje ya dirisha.

Nilimkuta Madam Joan kwenye korido nje ya chumba, ameketi wima, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari moshi. Wambui akanieleza. Mgonjwa akiamka kutoka dawa ya usingizi, wanamuuliza maswali madogo ili wajue akili imerudi. Walimuuliza yuko wapi. Akasema yuko duka la samani, amekuja kuangalia kitanda. Walimuuliza mwanamke huyu ni nani. Akamtazama mkewe, akasema, "Sijui, lakini ananifuata kila mahali." Walimuuliza kazi yake. Akasema alikuwa akiwaarifu watu kwamba wamekufa.

"Hilo la mwisho," nikasema, "karibu ni kweli."

"Najua," akasema Wambui. "Na mimi nilikuwa Al Mansoura, nilimsikia. Ndiyo maana nimekupigia. Daktari ameagiza picha ya kichwa, na ni sawa aagize, hatuwezi kubahatisha. Lakini mimi naangalia uso wake, sioni kitu. Ungekuwa uso wa mtu mwingine ningejua."

Madam Joan akanishika mkono. "Nimeishi naye maisha yangu yote, Mwakio. Nilikuwa najua siku zote anapotania. Leo sijui. Aliponiangalia aliniangalia kama mtu asiyenijua."

Tuliingia. Mzee alikuwa mdogo kitandani, mirija puani na mkononi, mashine inalia taratibu kando yake. Macho yalikuwa wazi, yanatazama dari. Nikasema, "Bwana Leonard, ni mimi." Hakugeuka.

Wanangu, nimesimama mbele ya watu wengi, lakini sijawahi kutafuta kitu usoni kwa mtu kama nilivyotafuta siku ile. Nilitafuta kwenye kona za mdomo. Nilitafuta machoni. Hakukuwa na dalili. Yule mtu alikuwa amejifunza kuficha kila kitu, na sasa alikuwa amekificha hata kile ambacho sisi tulikihitaji. Sikujua. Nawaambieni wazi, mwanafunzi wake niliyejifanya hodari, sikujua.

Nilichofanya sikukipanga. Nilirudi nyuma hatua chache, nikasimama upande wa miguuni pake, mikono nyuma, kama ninavyosimama langoni. Nikasema kwa sauti ya kazi:

"Bwana, samahani. Huruhusiwi kuingia humu bila kitambulisho."

Kimya.

Mashine ililia. Ikalia tena. Nilimeza. Nikangoja. Madam Joan akageukia dirishani. Wambui akainama. Nilimeza tena, na hapo sasa ilikuwa hofu, si mbinu. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko chochote alichowahi kunifundisha. Nikasema moyoni, basi, amekwenda.

"Nimeingia uchi, kijana," akasema kwa sauti iliyokwaruza, akiendelea kutazama dari. "Wote wameniona. Sasa kitambulisho gani tena mnataka?"

Wambui alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Madam Joan aligeuka, akaja kitandani, akaanza kupiga blanketi kwa ngumi, polepole, mahali pasipo na mirija, huku analia na kucheka na kumwita majina ambayo sijawahi kumsikia mwalimu wa shule akiyasema.

"Kwa nini?" akamuuliza. "Kwa nini ututishe hivi?"

Mzee akamgeuzia macho. "Hakuna aliyecheka," akasema. "Nilidhani nirudie mpaka ieleweke."

Picha ya kichwa ilipigwa hata hivyo, na daktari akaja mwenyewe kutuambia ni safi. Madam Joan alipotoka kwenda kunywa maji, mzee aliniita kwa kidole. Nikainama. Hapo uso ulikuwa ule ule, lakini sauti haikuwa ya jukwaani.

"Nilipoamka sikujua kama bado ninaweza," akasema. "Nikajaribu moja. Haikufanya kazi. Nikajaribu nyingine. Nilianza kuogopa, Mwakio." Akapumzika kidogo. "Uliacha kimya kirefu. Vizuri."

Sikumwambia kwamba kimya kile hakikuwa changu, kilikuwa cha hofu.

Nilitoka nje, jua la Doha likanipiga usoni, na nikakumbuka Al Mansoura. Nilifika nimechelewa, shati limeloa, tai iko mfukoni. Okello alikuwa mbele, ameishika maikrofoni kwa ajili yangu, anawaeleza watu kwa makini kabisa kwamba hana kichekesho chochote. Aliponiona aliuliza kwa macho. Nikamwonyesha kidole gumba. Akafumba macho, akanikabidhi maikrofoni, akaenda kuketi.

Nikasimama mahali pangu. Ukumbi ulikuwa umejaa, akina dada wamekaa hadi kwenye ngazi. Wakanyamaza, maana walinijua, walijua nitawatazama kwanza. Nikawatazama. Nikameza. Nikafungua mdomo niseme kuhusu kambi, na badala yake nikasema, "Nimetoka hospitali."

Nikataka kuendelea. Lakini nikamwona Madam Joan akipiga lile blanketi, nikamsikia mzee akisema, "Wote wameniona," na kitu kikapanda kutoka tumboni, sikuweza kukizuia. Nikacheka. Mimi, mbele ya watu. Nilijaribu kuurudisha uso mahali pake, ukakataa. Nikainama, nikashika magoti, nikacheka hadi machozi yakanidondoka kwenye viatu.

Kwanza walishangaa. Kisha dada mmoja safu ya mbele akaanza kucheka kwa kuniona mimi, na jirani yake akacheka kwa kumwona yeye, na likaenda hivyo mpaka nyuma, ukumbi mzima, hakuna aliyejua tunacheka nini. Okello alikuwa ameweka sahani chini, amefunika uso kwa kitambaa.

Nilipopata pumzi niliketi pembeni mwa jukwaa. Mtu akaniletea maji. Nikawaambia, "Yule mzee wa pole. Alipasuliwa moyo. Yuko sawa."

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Nilisikia watu wakishusha pumzi, mmoja mmoja, kama watu wanaotua mizigo. Halafu mama mmoja, nadhani ni yule wa mtoto wa siku ile, akasema kwa sauti, "Asante Mungu," na wali ukaanza kupakuliwa. Sikusema kichekesho hata kimoja alasiri ile. Nilikula na watu.